Kengele Ikilia

Agosti 2016, kule Rio de Janeiro, wanaume wa fainali ya mita 1500 walianza kukimbia kama watu wanaosindikizana. Mzunguko wa kwanza uliwachukua zaidi ya sekunde 66. Mmarekani Matthew Centrowitz alikuwa mbele, amebana njia ya ndani. Kisha kengele ikalia. Mzunguko wa mwisho akaukata kwa sekunde 50 na ushei, akashinda kwa dakika 3:50.00. Tangu 1932 hakuna bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo aliyekuwa ametumia muda mrefu hivyo.

Wapo waliosema zilikuwa mbio mbovu. Mimi nazirudia kuzitazama kuliko mbio nyingi za rekodi, na sababu yangu ni hesabu ndogo. David Rudisha alipovunja rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012, kwa dakika 1:40.91, mzunguko wa kwanza ulimchukua sekunde 49.28. Kwa hiyo wa pili ulimchukua 51.63. Centrowitz, mwenye mita 1100 tayari miguuni, aliumaliza mzunguko wake wa mwisho upesi kuliko Rudisha alivyoumaliza wake katika mbio bora kabisa za mita 800. Rudisha hapungukiwi kitu hapo. Yeye alitumia tangu mlio wa bastola, Centrowitz aliweka akiba. Mzunguko wa mwisho hukimbiwa kwa kile kilichobaki, na kukibakiza ndiyo kazi yenyewe.

Kazi hiyo ina ufundi wake, nao haupimwi kwa saa. Wa kwanza ni wa kusimama mahali panapofaa. Njia moja ya uwanja ina upana wa mita 1.22, na anayekimbia njia ya pili mzunguko mzima huongeza zaidi ya mita saba na nusu. Kila kona anayoikata kwa nje humla karibu mita nne. Lakini anayeng'ang'ania ndani anaweza kufungiwa: mmoja mbele yake, mmoja ubavuni, na wale anaotaka kuwafukuza wanaondoka akiwaona. Basi mkimbiaji stadi huishi mpakani, bega lake nyuma kidogo ya bega la kiongozi, amekaa kwa namna ambayo akitaka kutoka anatoka. Kukaa pale bila kukunja ngumi, bila kupandisha mabega, huku wenzako wanakuchokoza kwa viwiko, ni jambo linalofunzwa kwa miaka.

Katika shule yetu ya msingi uwanja ulichorwa kwa majivu, na mzunguko wa mwisho ulitangazwa kwa kugonga ringi ya gari iliyoning'inizwa mwembeni. Ringi ikigongwa, sote tulifyatuka. Mmoja wetu tu, mvulana mwembamba mwenye maneno machache, hakubadilisha mwendo. Alisubiri hadi kona ya mwisho, wakati vifua vyetu vinawaka, ndipo akapita. Sikuelewa alichokuwa anakifanya mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Faith Kipyegon alikifanya katika michezo ile ile ya Rio. Genzebe Dibaba wa Ethiopia, mwenye rekodi ya dunia wakati huo, aliondoka kwa kishindo mapema, kabla ya kengele. Kipyegon akamfuata. Hakujaribu kumpita kwenye kengele wala kwenye ule mnyooko wa nyuma; alikaa pale pale nyuma yake akimwachia mwenzake upepo na wasiwasi, na katika mita 200 za mwisho akaenda zake. Ukitazama uso wake huoni hasira yoyote. Naamini hakuna mkimbiaji wa zama zetu anayejua vizuri zaidi saa ya kuondoka.

Moscow, 1980, Sebastian Coe aliingia fainali ya mita 1500 akiwa ameshapoteza ile ya mita 800, mbio alizokuwa na rekodi yake, kwa Steve Ovett. Mita 800 za kwanza zilikwenda pole. Kisha Jürgen Straub wa Ujerumani Mashariki akaanza kuongeza kasi na kuendelea kuiongeza, ili awamalize wenye mbio za mwishoni kabla hawajafika mwishoni. Coe alimshika. Akampita kwenye kona, na walipotokea kwenye mnyooko akapata kasi nyingine juu ya ile ya kwanza. Mita 400 za mwisho zilimchukua takriban sekunde 52. Hiyo kasi ya pili ndiyo inayonishangaza: kwamba hata katika kuchomoka kwenyewe alikuwa bado amebakiza kitu.

Ukitaka kujua uzito wa ufundi huu, waangalie mabingwa walioukwepa. Kipchoge Keino alijua, huko Mexico City mwaka 1968, kwamba akifika kengele akiwa sambamba na Jim Ryun amekwisha. Akaenda mapema, kwenye hewa nyepesi ya zaidi ya mita 2200 juu ya bahari, akamwacha karibu sekunde tatu. Mtanzania Filbert Bayi alikwenda mbali zaidi. Christchurch, 1974, aliongoza tangu mwanzo mpaka utepe, dakika 3:32.16, rekodi ya dunia, na John Walker akija nyuma yake bila kumfikia.

Miaka sita baadaye Bayi alikuwa Moscow, safari hii kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Akaongoza vilevile, akafungua pengo kubwa, nami kila nikitazama picha zile bado namwombea. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland, aliyekuwa ametulia huko nyuma, akamfikia na kumpita. Na katika michezo hiyo hiyo, fainali ya mita 5000, Miruts Yifter wa Ethiopia alipofyatuka, aliyemfuata kwa karibu kuliko wote alikuwa Mtanzania mwingine, Suleiman Nyambui. Medali za Olimpiki za Tanzania ni hizo mbili tu, zote za fedha, na zote ziliamuliwa baada ya kengele. Walipokata utepe, kati ya Yifter na Nyambui palikuwa na sekunde 0.69.