Vinyago Viwili na Mbuyu Mmoja: Jinsi Tales of Kenzera: ZAU Ilivyosukwa

Lusahunga, mkoani Kagera, ni mahali pa kupumzisha magari. Njia ya Biharamulo na Bukoba inaachana hapa na ile ya Nyakahura, Benaco na Rusumo, na malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hulala kando ya barabara kabla ya kuendelea na safari. Dereva Mnyarwanda, utingo Mrundi, mama lishe Msubi na fundi pancha Msukuma wanaelewana kwa Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake. Katika miji ya njiani kama huu hukosi kibanda cha gemu: tivii mbili, PlayStation za zamani, padi zilizozungushiwa utepe, na vijana kwenye benchi wakisubiri zamu. Gemu inayochezwa ni ya mpira. Mtangazaji wake anasema Kiingereza, na benchi linamfunika kwa Kiswahili.

Nimekalia benchi za namna hiyo miaka mingi nikijiuliza itakuwaje siku mashine yenyewe itakapoongea lugha ya benchi. Jibu lilikuja tarehe 23 Aprili 2024, siku ilipotoka Tales of Kenzera: ZAU. Mchezaji anaweza kuchagua sauti za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho wa hadithi, na wahusika wote wakaongea kwa lugha hiyo.

Kizazi hiki cha konsoli kilianza Novemba 2020, PS5 na Xbox Series zilipoingia sokoni. Tangu hapo zimezaliwa gemu mpya zenye nguvu: Returnal ya Finland mwaka 2021, Elden Ring ya Japani mwaka 2022, Black Myth: Wukong ya China mwaka 2024. Zote nazistahi. Lakini nikiulizwa ni ulimwengu gani mpya wa kizazi hiki ninaoupenda kuliko wote, nautaja wa Kenzera. Lugha ni sababu moja. Sababu kubwa zaidi ni ufundi: katika gemu hii, kitendo cha kidole na maana ya hadithi ni kitu kimoja.

Tuanze na aliyeisuka. Abubakar Salim ni mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Kenya. Wapenzi wa gemu walimjua mwaka 2017 alipokuwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Mwaka 2019 alianzisha Surgent Studios. Alikuwa amempoteza baba yake, na alitafuta njia ya kuyasimulia majonzi yake. Filamu angeweza, kwani ndiyo kazi yake. Alichagua gemu, na ukiicheza utaelewa kwa nini: mtazamaji wa filamu anamwona mfiwa, ila mchezaji wa gemu anabebeshwa mzigo wa mfiwa mikononi.

Hadithi ina matabaka mawili, kama ngano iliyo ndani ya ngano. Kijana Zuberi anaishi katika mji wa wakati ujao uitwao Amani. Baba yake amefariki na kumwachia kitabu alichomwandikia. Zuberi anafungua kitabu, na ndani yake tunakutana na Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufunga naye mapatano: nikikuletea mizimu mikuu mitatu iliyokukwepa, nirudishie Baba. Kuanzia hapo sisi ndio Zau.

Sasa tuingie kwenye mitambo ya ndani.

Kitu cha kwanza ni vinyago viwili, kimoja cha Jua na kingine cha Mwezi. Ukivaa cha Jua, Zau anapigana kwa moto, karibu, mkono kwa mkono. Ukivaa cha Mwezi, anarusha mapigo kutoka mbali. Kubadilisha ni kubonyeza mara moja, hata ukiwa hewani, hata katikati ya pigo. Wapo maadui wenye ngao ambayo kinyago kimoja tu ndicho kinachoweza kuivunja, kwa hiyo huwezi kung'ang'ania ukipendacho. Vidole vinazoea mwendo: ingia, piga, toka, rusha, ingia tena. Baada ya saa moja unaacha kufikiri na kuanza kuhesabu mapigo kama mpiga ngoma. Unacheza ngoma ya mganga.

Hapa ndipo ufundi unapokutana na maana. Mfiwa yeyote anajua hali hizi mbili. Kuna saa anataka kuukabili msiba uso kwa uso, alie, agombane, aulize kwa nini. Kuna saa anataka kukaa mbali nao na kuutazama kama jambo la watu wengine. Msanifu hakuweka maelezo ya jambo hili kwenye kioo. Ameliweka kwenye padi, na wewe unalitenda mara mia kabla ya kulitambua.

Kitu cha pili ni ardhi yenyewe. Gemu hii ni ya kutazamwa ubavuni: unakimbia kushoto na kulia, unaruka, unapanda, na unarudi ulikopita ukiwa na uwezo mpya wa kufungua njia iliyokuwa imefungwa. Mfano mzuri ni uwezo wa kugandisha maji. Maporomoko yaliyokuzuia jana, leo unayagandisha na kuyapanda kama ukuta. Huu ni mtindo wa siku nyingi, na gemu nyingi huutumia kama fumbo la kufuli na ufunguo. Kenzera imeupa kazi nyingine. Maeneo yake yamepangwa kufuata hatua za majonzi, hivyo kurudi ulikopita ni kurudi kwenye jeraha ukiwa na nguvu ambazo hukuwa nazo mara ya kwanza.

Kitu cha tatu, na kwangu ndicho bora kuliko vyote, ni mbuyu. Njiani Zau anakuta mibuyu. Akiketi chini yake anatafakari juu ya baba yake na safari yake, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Tazama hesabu hiyo. Katika gemu nyingi uhai huongezwa kwa kuua, kununua au kuokota. Hapa unaongezwa kwa kuketi na kusema lililo moyoni. Sisi tunaokaa matanga tunaijua kanuni hiyo bila kufundishwa: watu wanakuja, wanaketi mkekani, wanazungumza, na siku za matanga zikiisha mfiwa anaweza kusimama. Msanifu ameichukua hekima ya matanga na kuifanya namba ndani ya programu.

Kitu cha nne ni sauti. Kuitafsiri gemu ni kazi ngumu kuliko kutafsiri kitabu, kwa sababu kila kauli ina muda wake: imefungwa na mwendo wa mdomo, kishindo cha hatua, mpigo wa muziki ambao Nainita Desai ameutunga kwa gemu hii. Kiswahili kina urefu wake na ufupi wake. Chukua neno moja, mfano wangu mwenyewe: sikukuaga. Lina mtenda, ukanusho, wakati uliopita, mtendewa na tendo, vyote katika silabi tano. Mwigizaji hana maneno kadhaa ya kugawia huzuni, kama angekuwa nayo kwa Kiingereza. Huzuni yote lazima ipite katika neno hilo moja, na kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hapo ndipo sauti itakapokatika kama ni ya kukatika. Kwa upande mwingine, sentensi ya kueleza jambo huweza kurefuka kupita nafasi iliyopo, na mwigizaji akalazimika kuharakisha. Studio ndogo iliyokubali kubeba kazi hiyo mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ilikiona Kiswahili kuwa lugha ya kazi na si pambo. Ndiyo maana neno Baba limebaki Baba hata katika sauti za Kiingereza.

Penye sifa pawe na kasoro pia. Aina za maadui ni chache na zinajirudia. Njia mara nyingi ni moja, na pembe za siri hazimlipi vya kutosha anayepekua. Hadithi inamalizika kwa saa nane hivi. Halafu kuna jambo la asili ya mizimu yenyewe: Impundulu, ndege wa radi, ametoka kwa Waxhosa na jirani zao wa kusini, GaGorib ni wa Wakhoi, Kikiyaon ni wa Afrika Magharibi, na jina la Kalunga linatoka Kongo na Angola. Bara limekusanywa kwenye chungu kimoja. Ladha ni nzuri, lakini mtu wa Maziwa Makuu akitafuta mizimu ya kwao hataiona.

Soko nalo halikuwa jepesi. Gemu iliuzwa kwa dola 20 hivi, na siku ilipotoka iliingizwa pia katika huduma ya malipo ya mwezi ya PlayStation. Julai 2024 studio ilipunguza wafanyakazi, na Oktoba mwaka huo timu ya gemu ikaambiwa kuwa kazi itasimama wakati fedha za gemu ya pili zikitafutwa. Gemu hiyo ya pili, iliyopewa jina la muda Project Uso, ilitangazwa kuwa ya ulimwengu uleule wa Kenzera. Aprili 2025 ZAU ikashinda tuzo ya BAFTA ya gemu inayovuka mipaka ya burudani. Linganisha na Black Myth: Wukong, nayo iliyojengwa juu ya ngano ya kale ya nyumbani: nakala milioni 10 katika siku tatu. Wachina walikuwa na soko lao lililokuwa likisubiri ngano yao. Kenzera iliwasili kwa lugha ya mamilioni ambao wengi wao hawana mashine ya kuichezea.

Turudi kibandani, maana tatizo hilo linaonekana wazi zaidi pale. ZAU inachezwa kwenye PS5, Xbox Series, Switch na kompyuta. Mashine za kibandani haziiwezi. Hata zingeiweza, kibanda kinauza muda kwa vipande: unalipia mechi, dakika zinaisha, unampisha mwenzako. Gemu ya mpira imeshinda vibandani kwa sababu mechi moja ni kisa kamili, chenye mwanzo, mwisho, mshindi na watu wa kushangilia. Hadithi ya saa nane inayochezwa na mtu mmoja kimya haina mahali pa kukaa kwenye benchi la watu sita.

Kwa hiyo atakayeifuata njia ya Salim kutoka upande wetu ajifunze mambo mawili. Kwanza, achukue kanuni ya vinyago na mbuyu: tafuta tendo la vidole linalosema jambo la hadithi, kisha ujenge gemu nzima kulizunguka. Pili, aisuke hadithi kwa vipande vya dakika kumi, kila kipande kikiwa na mwanzo na mwisho wake, kama bibi alivyokuwa akigawa ngano kwa usiku, na kila kipande kiingie kwenye simu ya kawaida.

Ngano zenyewe tunazo. Kagera peke yake ni ghala. Wahaya wana Mugasha, mzimu wa ziwa na dhoruba. Wana Rugomora Mahe, mfalme anayesimuliwa kuwa alitaka kujenga mnara wa chuma wa kufika mbinguni, katika nchi ambayo wahunzi wake walikuwa wakiyeyusha chuma miaka 2,000 iliyopita. Ng'ambo ya Rusumo kuna Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati na ambaye wafuasi wake humfuata mlimani baada ya kufa. Mnara unaojengwa kwa chuma ulichokiyeyusha mwenyewe, huku kila ngazi ikitaka joto kubwa kuliko la ngazi iliyotangulia: hilo tayari ni tendo la vidole, na tayari ni hadithi ya kiburi cha mfalme.

Hukumu yangu ni hii. Tales of Kenzera: ZAU si gemu kubwa kuliko zote za kizazi hiki, na bado ni ulimwengu wenye gemu moja tu. Lakini ndiyo iliyothibitisha kwamba majonzi ya mwana wa Kiafrika, mbuyu na Kiswahili vinaweza kuwa injini ya gemu na si mapazia yake. Kijana wa Lusahunga unayesubiri zamu yako kwenye benchi, simu iliyo mfukoni mwako inarekodi sauti. Leo jioni mfuate mzee wa kwenu, Msubi, Mhangaza au Mhaya, umwombe ngano moja, uirekodi mpaka mwisho na uitunze. Kitabu cha Zuberi kiliandikwa na baba kabla hajaondoka. Vya kwetu vingi havijaandikwa, na wenye kuvijua wanaondoka kila mwaka.