Bendi za Dansi na Sikio la Msikilizaji

Kwa miaka mingi sasa wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu wamekuwa wakiandika tasnifu juu ya nyimbo za dansi, nami nimesahihisha kadha wa kadha. Karibu zote zafuata njia moja: maneno ya wimbo hunakiliwa karatasini, kisha hutafutwa dhamira, falsafa na tamathali za usemi, kana kwamba marehemu Mbaraka Mwinshehe alitunga ili asomwe kimya. Njia hiyo yanitia mashaka, na kwa kuwa mashaka yenyewe yalianza kabla sijajua kusoma, msomaji ataniwia radhi nikianzia nyumbani.

Nililelewa Same, chini ya milima ya Upare, katika miaka ya 1980, wakati ambapo bendi zetu zilitufikia kwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyumbani tulizungumza Chasu. Bibi yangu, aliyekuwa akiteremka kutoka Mbaga baada ya mavuno, alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu. Walakini katika kusikiliza bendi alikuwa na ubaguzi mkali. Bendi nyingine ziliimba, naye akaendelea kuchambua maharage bila kuinua uso. Ilipokuja Mlimani Park, mikono ilisimama. Nilimwuliza wanasema nini. Akajibu ya kwamba hajui, ila hawa wanajibizana, na wale wengine kila mtu anasema peke yake.

Tangu siku ile nimesoma mengi juu ya muziki huu, wala sijaona hukumu iliyo sahihi kuliko hiyo. Wimbo wa dansi, kama tuujuavyo, una sehemu mbili. Katika ile ya kwanza, iliyo ya polepole, mwimbaji hueleza kisa chake, na gitaa la solo hungoja mpaka mstari uishe ndipo liseme. Chini yake gitaa la pili na la rithim hushika mazungumzo yasikatike, na tarumbeta na saksafoni huitikia kama watu wazima barazani. Kisha huja chemko, ambapo maneno hupungua na magitaa hutwaa usemaji wote. Bendi hafifu huweza kuwa na mpigaji mwenye vidole vyepesi kupita kiasi. Kasoro yake ni kwamba hasikilizi. Mbaraka alikuwa na bahati ya pekee, kwa kuwa aliimba na kupiga solo yeye mwenyewe, hata sauti yake ikikoma gitaa laimaliza sentensi.

Nadhani bibi alisaidiwa na lugha yake. Katika Chasu kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Sikio lililolelewa humo halioni ajabu gitaa likisema. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, bali chaweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo waimbaji wetu wazuri, katika sehemu ya polepole, hupenda kuivuta sauti. Kwa hiyo sisemi ya kwamba maneno hayana kazi. Nasema kazi yao haionekani karatasini.

Tena kuna jambo la mtindo. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA Jazz tangu 1964, akahamia Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978, na mwaka 1985 akaenda Safari Sound. Koo ni moja, na mashairi yake yana tabia moja. Hata hivyo mtu aliyezoea dansi hatachanganya Msondo na Sikinde, ijapokuwa mwimbaji ni yule yule. Mitindo yote miwili ilipewa majina ya ngoma za kienyeji, wala si majina ya watu, na naona waliochagua walijua walifanyalo. Mtindo waishi kama lahaja: wasemaji huja na kuondoka.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosa. Nikiwa Ulaya kwa masomo ya udaktari, nilisoma mbele ya semina tafsiri ya wimbo mmoja wa Mlimani Park, nikaeleza dhamira yake kwa saa nzima. Mwalimu mmoja akasema kwa upole kwamba haya ni mawaidha tu, na mawaidha hata kwao yapo. Kanda ilikuwa chumbani kwangu, nami sikuwa nimefikiri kuichukua.

Mwaka jana nilimrudishia mwanafunzi sura yake ya tatu, nikamtaka aandike mstari wa gitaa chini ya kila mstari wa maneno, na kuonyesha nani ameanza na nani amejibu. Alinuna. Beti mbili zilimchukua siku nne, na katika ubeti wa pili aligundua kwamba neno alilokuwa amelifafanua kwa kurasa tatu mwimbaji halimalizi. Tarumbeta ndiyo inayolimaliza.