Nani Aliupa Mkuki Mita 10?

Ukisimama Milimani asubuhi isiyo na ukungu, milima ya Nandi inaonekana vizuri kaskazini-mashariki mwa Kisumu. Huko ndiko alikotoka mrusha mkuki Julius Yego. Waliotazama fainali ya mashindano ya dunia mjini Beijing tarehe 26 Agosti 2015 hawahitaji kukumbushwa: raundi ya tatu, mguu wa kushoto umekita kama nguzo, mwili wote ukapita juu yake, mrushaji chini kifudifudi, mkuki mita 92.72. Aliyeuona mtupo ule hawezi kusoma kwa utulivu kwamba mkuki wa mbao wa watu wa kale ulikuwa silaha ya mita 10 tu.

Namba hiyo ni kosa, na ilizaliwa na uamuzi mmoja.

Mwaka 1993 mtafiti Steven Churchill alikusanya taarifa za wawindaji wa jamii mbalimbali duniani, akapata kwamba mkuki wa mkono ulitupwa kwa wastani wa umbali usiofika mita 8. Ukusanyaji wenyewe ni kazi safi. Tatizo ni kilichofuata: wastani huo, ukinyooshwa hadi mita 10 hivi, ukageuzwa kuwa kikomo cha silaha yenyewe, na mkuki wa kale ukawekwa fungu moja na rungu na kisu. Mvuvi wa Dunga akitupa wavu hatua chache tu kutoka kwenye mtumbwi, hakuna anayeandika kwamba mkono wake unaishia hapo. Ametupa pale samaki walipo. Mwindaji naye hunyemelea mpaka karibu kwa sababu anajua akikosa, nyama imekwenda, na pengine mkuki umekwenda nayo. Umbali anaouchagua unaeleza tahadhari yake. Uwezo wa mkuki ni swali lingine kabisa, na halikuulizwa.

Kibaya zaidi, kwa miaka mingi karibu hapakuwa na jaribio la kimfumo lililowapa mikuki hiyo watu waliofundishwa kurusha. Mkuki ulihukumiwa bila mrushaji. Hapo ndipo hesabu yote ilipopinda, maana mkuki hauna nguvu yake wenyewe; kila kitu hutoka kwenye kasi ya mkono. Chukua mkuki wa gramu 800 na shabaha iliyo mita 20 mbele. Ukitoka kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, utafika baada ya sekunde 1.3 hivi, na njiani mvutano wa dunia utakuwa umeushusha karibu mita 8.7 chini ya mstari uliolengwa. Swala ana muda wa kusikia, kugeuka na kuondoka. Ukitoka kwa mita 25 kwa sekunde, unafika kwa sekunde 0.8 na kushuka mita 3.1 tu. Nishati nayo inapanda kutoka jouli 90 hadi 250, kwa kuwa hukua kwa mraba wa kasi. Mkuki ni uleule. Kilichobadilika ni bega, nyonga na mguu wa mbele.

Annemieke Milks na wenzake walilisahihisha hilo mwaka 2019: waliwapa warusha mkuki waliofunzwa nakala za mikuki ya kale ya Schöningen, Ujerumani, nao wakaipiga shabaha mita 20 kwa nguvu ya kuua mnyama. Nakala hizo zilikuwa na uzito wa gramu 760 na 800, na 800 ndio uzito wa mkuki anaotupa Yego.

Hata Afrika Mashariki ushahidi ulikuwepo mapema. Mwaka 2013 Yonatan Sahle na wenzake walichapisha uchunguzi wa ncha za kioo cha volkano kutoka Gademotta, Bonde la Ufa la Ethiopia, zenye umri wa zaidi ya miaka 279,000. Nyufa ndogo ndani ya kioo hicho huonyesha kasi ya ufa, na walisoma humo kasi ya kitu kilichotupwa, si kilichochomwa kwa mkono.

Tabia hii ya kusahau mrushaji haikuanzia kwa wanaakiolojia. Uwe Hohn alipotupa mita 104.80 mjini Berlin mwaka 1984, shirikisho la riadha la dunia lilisogeza kitovu cha uzito sentimita 4 mbele, na kuanzia 1986 mkuki wa wanaume ukawa unainamisha pua mapema. Safu hii haijausamehe uamuzi ule: uliondoa ufundi wa kuelea, ambao Hohn alikuwa bingwa wake. Bado Jan Železný akaja na mkuki huohuo mzito wa mbele, akafika mita 98.48 mwaka 1996, na hakuna aliyemfikia mpaka leo. Paris 2024 Arshad Nadeem alishinda kwa 92.97, mtupo mkubwa, lakini ni mita tano na nusu nyuma ya Železný.

Yego alianza kujifunza kwa video za YouTube kwa sababu nchi yake ilikuwa na makocha wa mbio na karibu haina wa mkuki. Kambi ya mafunzo ya Kuortane, Ufini, ilikuja baadaye. Jaribio lijalo la mikuki ya kale lifanyike uwanja wa Kisumu, na vijana wa Nandi waliofunzwa sawasawa wapewe nakala za ncha za Gademotta zilizofungwa kwenye mipini. Shabaha ya kwanza iwekwe mita 20, ya pili 30.