Mishale ya Feynman na Wauzaji wa Kwantamu

Siku hizi kila mtu ana kwantamu yake. Kuna kwantamu ya kupata mpenzi, kwantamu ya pesa, kwantamu ya kuponya mgongo. Ukifungua simu asubuhi hukosi jamaa wa suti akikuambia ati wanasayansi wamethibitisha kwamba chembe ya mwanga hubadilika ikitazamwa, kwa hivyo itazame akaunti yako kwa imani na itajaa. Wengi wetu tunacheka, lakini kuna wanaolipa. Na semina ikiisha na akaunti ibaki vile ilivyokuwa, kosa ni lako. Hukutazama vizuri.

Kitabu cha kumjibu huyo jamaa kilitoka zamani, 1985: *QED: The Strange Theory of Light and Matter* cha Richard Feynman. Mwaka wa 1965 Feynman alipata Nobel ya fizikia pamoja na Julian Schwinger na Sin-Itiro Tomonaga kwa nadharia hii hii anayoieleza humu, ya jinsi mwanga na elektroni zinavyohusiana. Ni kitabu chembamba, mihadhara minne tu. Aliiandaa kwa ajili ya rafiki yake Alix Mautner, mtu wa fasihi ya Kiingereza aliyekuwa akimuuliza maswali ya fizikia kila mara, na ambaye alifariki kabla ya kuisikia. Kwa hivyo hili ni deni lililolipwa kwa kuchelewa, na aliyekuwa akidai alikuwa msomaji kama wewe.

Feynman anaanza na kioo cha dirisha. Tuma fotoni 100, yaani chembe 100 za mwanga, moja kwa moja kwenye uso wa kioo. Kwa wastani 4 zinarudi, 96 zinapita. Lakini kioo kina nyuso mbili, mbele na nyuma, kwa hivyo ungetarajia zirudi kama 8. Wapi! Inategemea unene. Ongeza unene kidogo kidogo na idadi inapanda hadi 16, inashuka hadi 0, kisha inaanza kupanda tena. Sasa fotoni iliyogonga uso wa mbele imejuaje kioo ni kinene kiasi gani huko nyuma?

Kidato cha tatu tulipewa jibu: mwanga ni wimbi. Kilele kikikutana na kilele mawimbi yanaongezana, kilele kikikutana na bonde yanafutana. Hiyo ni hoja ya Thomas Young, daktari Mwingereza wa mwanzoni mwa karne ya 19, na kwenye mtihani inakupa maksi zako zote. Shida ni kwamba ukipunguza mwanga sana, kifaa cha kuupima hakikuonyeshi wimbi dogo. Kinalia tik, kinanyamaza, kinalia tik tena, na kila tik ina nguvu ile ile. Ni fotoni moja moja. Na bado ile hesabu ya 0 hadi 16 haibadiliki.

Feynman anatumia mishale. Kwa kila njia ambayo fotoni ingeweza kupita, chora mshale. Wazia saa yenye mkono mmoja unaozunguka fotoni ikisafiri. Kwa mwanga mwekundu unazunguka karibu mara 36,000 kwa kila inchi. Fotoni ikifika, mkono unasimama, na hapo unajua mshale wako unaelekea wapi. Mshale wa uso wa mbele una urefu wa 0.2, wa nyuma vilevile. Uunganishe, kichwa kwa mkia. Ikielekea upande mmoja unapata 0.4, izidishe kwa yenyewe upate 0.16, yaani fotoni 16 kati ya 100. Ikipingana unapata 0. Hii ni hesabu ya shule ya msingi. Ndiyo hiyo hiyo inayoeleza rangi za mafuta kwenye dimbwi la stejini baada ya mvua: utando wa mafuta hauna unene mmoja, na mkono wa saa wa bluu unazunguka haraka kuliko wa nyekundu, kwa hivyo mahali rangi moja inafutika nyingine inang'aa.

Ninachokipenda zaidi ni heshima yake kwa msomaji. Anawataja Wamaya wa kale waliojua kutabiri mwendo wa sayari ya Zuhura, na anasema hesabu zao unaweza kuzieleza kama kuhesabu maharagwe. Mwanafunzi anakaa chuoni miaka mingi akijifunza kuhesabu haraka. Wewe utaonyeshwa kinachohesabiwa, bila zile mbinu za haraka. Hakupi mfano mtamu uende nao nyumbani ukidhani umeelewa. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na ni vitabu vichache vinavyomwambia mtu asiye na karatasi: kaa hapa, hesabu na sisi.

Sasa turudi kwa jamaa wa suti. Mwanga ukipita kwenye matundu mawili unachora mistari ya mwanga na giza. Ukiweka kwenye matundu vifaa vya kukuambia fotoni imepita wapi, mistari inapotea. Hapo ndipo yeye anaingiza imani yako. Feynman anaingiza kanuni: mishale inaunganishwa tu kwa njia zinazoishia kwenye tukio moja. Kifaa cha kushoto kulia na cha kulia kulia ni matukio mawili tofauti, kwa hivyo mishale yake haiunganishwi. Vifaa hivyo vinaweza kulia usiku wa manane katika chumba kisicho na mtu, na mistari itapotea tu. "Kutazama" hapa ni kifaa kuguswa na fotoni na kubaki na alama. Akili yako haikuhitajika.

Lakini Feynman naye ana lawama yake. Anafurahia mno kusema kwamba maumbile ni kichekesho na hakuna anayeyaelewa. Ukumbini, mbele ya watu walio tayari kuhesabu naye saa nzima, huo ni utani. Ukikatwa ukawa video ya dakika moja, ni mlango wazi, na matapeli wameupitia. Mhadhara wa nne nao unageuka orodha ya chembe, kama mwalimu anaita rejista, na orodha yenyewe imepitwa: kwaki ya juu ilipatikana 1995, chembe ya Higgs 2012.

Hata hivyo, kutojua kwa Feynman kuna namba kando yake. Hajui kwa nini maumbile yanafuata mishale, lakini anajua ni fotoni ngapi zitarudi, na unaweza kwenda kuzihesabu. Kutojua kwa yule mwingine kuna bei tu. Kwa hivyo siku akikuita kwenye semina, usibishane naye. Mwambie akuchoree mshale mmoja, akuonyeshe unaelekea wapi, na una urefu gani.