Njia ya Kinena: Dawa Inavyosambaa Katika Maiti

Dawa ya kuhifadhi maiti hupitishwa kwenye ateri, si kwenye vena. Vena za mikono na miguu zina vali zinazoruhusu damu ielekee moyoni tu, hivyo dawa ikisukumwa kinyume hukwama. Ateri hazina vali hizo, kuta zake ni nene, na baada ya kifo huwa karibu tupu.

Familia nyingi za Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, husafirisha marehemu wao hadi Siaya, Vihiga au Kakamega, safari ya mamia ya kilomita inayosubiri michango itimie, hivyo mwili hulazimika kuhifadhiwa. Katika mochari, kama ile ya Jiji kando ya barabara ya Ngong, kazi inaweza kuanzia shingoni au kwenye kinena. Kinena kina faida moja kubwa: mshono wake hufichwa na nguo.

Mkato mfupi hupigwa chini ya mkunjo wa paja, usawa wa katikati ya ncha ya mbele ya nyonga na kiungo cha mfupa wa kinena. Kutoka nje kwenda ndani, neva hutangulia, kisha ateri, kisha vena. Kidole huzitofautisha vizuri kuliko jicho: ateri ni nyeupe, ina unene, na ikibanwa hurudia umbo lake, vena ni ya samawati na hulala bapa. Nyuzi mbili hupitishwa chini ya ateri, inakatwa nusu ya upana wake, mrija unaingizwa na kufungwa. Dawa huelekezwa kwanza juu, halafu mrija unageuzwa kuelekea mguuni. Vena jirani hufunguliwa ili damu ipate pa kutokea.

Pampu si lazima. Chombo kikiinuliwa mita 1 juu ya mwili hutoa msukumo wa takriban milimita 74 za zebaki, pungufu kidogo ya shinikizo la wastani la damu ya mtu hai. Pupa ndiyo huharibu: msukumo mkali huvimbisha uso. Fomalini, kiini cha dawa hii, nayo ikiwa kali, badala ya kuokoa muda, hukaza kapilari kabla dawa haijafika mbali. Fomalini ya dukani ina fomaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40, na lazima izimuliwe.

Paja likikakamaa huku vidole vya mguu vikibaki laini, kuna donge la damu njiani. Ateri iliyo nyuma ya goti hutafutwa. Mwili uliopasuliwa kwa uchunguzi, mishipa yake ikiwa imekatwa, hutiwa dawa kichwani, mikononi na miguuni kila upande peke yake. Yaliyomo tumboni hayafikiwi na ateri. Chuma chenye ncha huingizwa sentimita 5 kushoto na 5 juu ya kitovu, uchafu ukafyonzwa na dawa ikamiminwa.

Mvuke wa dawa hii si wa kuchezewa. Mwaka 2004, shirika la IARC lililo chini ya WHO liliiorodhesha fomaldehaidi kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.