Kiumbe Pasipo Muumba: Msamiati wa Mjadala wa Mageuko

Anayetetea nadharia ya Charles Darwin kwa Kiswahili huitetea kwa msamiati wa wapinzani wake. Husema "viumbe", husema "maumbile". Yote mawili yametokana na -umba, kitenzi elekezi kinachodai mtenda. Baadhi ya watetezi wa uumbaji huona hapo ushahidi wa lugha yenyewe. Hoja hiyo ni dhaifu: etimolojia hueleza neno lilikotoka, si kitu kilikotoka. Darwin mwenyewe alinaswa papo hapo. Sentensi ya mwisho ya On the Origin of Species haikumtaja Muumba mwaka 1859. Toleo la pili, la 1860, likamtaja. Mwaka 1863 alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kwamba alijutia kutumia istilahi ya uumbaji. Yeye, walau, alikuwa na la kuchagua. Kiswahili hakijapata mbadala wa "kiumbe" uliozoeleka. Penye uchaguzi, hata hivyo, uzembe hausameheki. "Mageuko" hutokana na -geuka, kisichodai mtenda. "Mageuzi" (neno ambalo siasa imekwisha kulitwaa) hutokana na -geuza, kinachomdai. Matini zinazoyatumia kama visawe humrejesha kimyakimya mtenda ambaye nadharia haikumhitaji.