Jina la Vita Hutolewa na Nani?

Katika masomo ya historia ya ukombozi, wanafunzi wetu wengi bado huandika "Uasi wa Waarabu" wanapotaja vita vya pwani vya mwaka 1888 na 1889. Hawana nia mbaya. Wameyakuta maneno hayo kitabuni wakayanakili. Lakini anayenakili jina hunakili pia hukumu iliyomo ndani yake.

Tulichambue jina hilo. Uasi ni kuvunja utii kwa serikali halali. Je, Wajerumani walikuwa serikali halali ya Pangani, Saadani au Bagamoyo? Hasha. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani, kwa mkataba wa miaka 50, utawala na ushuru wa pwani hiyo. Wananchi wa Mrima hawakuulizwa. Agosti Kampuni ilipokuja kupandisha bendera yake, walikataa. Kukataa kuporwa si uasi.

Na hao "Waarabu" ni nani? Abushiri bin Salim alikuwa wa asili ya Kiarabu, ni kweli. Lakini Bwana Heri wa Saadani alipigana akiwa na Wazigua, na Waswahili wa miji ya pwani walikuwemo vitani. Jina liliwafuta hao wote. Tena lilikuwa na kazi: Januari 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2 kwa sheria iliyotaja kupiga vita biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Ubeberu ulivaa kanzu ya ukombozi.

Sasa tutazame utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, unaojulikana kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Jina hilo peke yake ni somo. Linamtaja mtendaji: Wadachi. Linataja kitendo: kutamalaki. Linataja nchi iliyotwaliwa: Mrima. Jina la mkoloni linamtaja anayejitetea na kumficha mvamizi.

Hata hivyo, tusiishie kubadilisha jina na kudhani kazi imekwisha. Miongoni mwa viongozi wa vita walikuwemo wenye mashamba na watumwa. Mtumwa wa shambani hakuwa na sababu ile ile ya kupigana kama bwana wake, na jina la utenzi halituelezi hilo. Uchambuzi wa matabaka hauna badala.

Pale Bagamoyo, makaburi ya Wajerumani yana mawe yenye majina. Wengi waliokufa wakiilinda Mrima hawana jiwe wala jina. Abushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, anakumbukwa, waliomfuata hawajulikani.

Kwa hiyo kila mkufunzi, kabla ya kuandika jina la tukio ubaoni, awaulize wanafunzi: nani alilitoa, lilimfaa nani, na limemficha nani?